Suruali ya Baba Yakata Rufaa

Jana usiku, mara tu usingizi uliponichukua, niliota chupa tupu ya soda imeingia dukani kwangu, imevua kizibo chake kwa adabu, na kuniuliza kama mimi ndiye Twaha bin Mbwana, fundi wa sare.

Nikasema ndimi.

"Sare za shule tu?"

"Za shule tu. Kaki, nyeupe na bluu iliyokolea. Mwaka wa thelathini na nne huu."

"Hujawahi kushona kitu kingine?"

"Niliwahi kushona mapazia ya zahanati."

Chupa ikaandika. Sikuona kalamu wala mkono, lakini niliona kabisa kwamba imeandika.

Duka langu liko Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na mbili, chumba cha mbele cha nyumba ya baba. Baba mwenyewe yu hai. Ana miaka themanini na mitatu na analala chumba cha uani. Tangu aanguke mwaka juzi akitoka msikitini hatembei sana. Tunaishi vizuri, hatugombani. Kuna jambo moja tu ambalo hatujawahi kulizungumza, na nilidhani dunia nzima imeshalisahau.

"Unahitajika mahakamani," ikasema chupa. "Suruali ya baba yako imekata rufaa."

"Suruali ipi?"

"Ile iliyokatwa."

Nikakaa chini, juu ya rundo la kaptura.

Mwaka wa sabini na tatu baba alikuwa kibarua wa kiwanda cha mkonge. Siku sita alirudi nyumbani ananuka maji ya mkonge, viganja vimechanika, nyuzi nyeupe zimenasa kwenye nywele. Siku ya saba alioga mara mbili, akapaka mafuta, akavaa bugaluu: suruali ya zambarau iliyobana mapajani na kufunguka chini kama mdomo wa tarumbeta. Kisha alinishika mkono tukaenda kutembea, hatuendi popote, tunapita tu. Watu walimwita Mbwana Bugaluu. Akina mama waliokaa vibarazani waliacha kuchambua mchele alipopita.

Lakini siku zile suruali hizo zilikuwa zimepigwa vita na wakubwa, zinaitwa uhuni wa kigeni. Jumapili moja vijana watatu wenye mkasi walimsimamisha karibu na soko, wakakata miguu yote miwili ya suruali kuanzia magotini. Watu wakacheka. Kesho yake baba akavaa kaki, na hajavua kaki hadi leo.

"Wewe ni shahidi," ikasema chupa. "Ulikuwepo."

"Nilikuwa na miaka saba."

"Imeandikwa."

Nikaomba dakika mbili nivae vizuri. Chupa ikasema nimeshavaa. Nikajitazama. Ndevu zangu nyeupe zipo, kitambi kipo, lakini chini nimevaa kaptura ya kaki ya darasa la kwanza, tena nimeishona mwenyewe, naijua mishono yangu. Ilinikaa sawasawa. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Tunatoka. Barabara ya kumi na mbili haipo. Mlangoni panaanza foleni ya wanaume, mmoja nyuma ya mwingine, inapita mahali palipokuwa msikiti, inavuka reli, inapanda milima ya Usambara na kupotelea mawinguni. Hakuna anayesukumana. Hakuna anayelalamika. Sijawahi kuona foleni ya namna hiyo nchini kwetu.

"Ni akina nani hawa?"

"Waliovaa kuliko walivyoruhusiwa," ikasema chupa.

Namwona mzungu wa zamani sana, viatu vyake vina visigino virefu vyekundu, nywele za bandia zimepanda kama kichuguu na ndege ametaga ndani. Namwona morani aliyepaka kichwa udongo mwekundu; amekaa kimya huku mwenzake akimsuka, na kila msuko ukiisha ng'ombe mahali fulani analia. Namwona mtu wa Kongo, suti ya rangi ya waridi, anavuka dimbwi la matope. Hakunyanyua suruali. Matope yenyewe yalijikunja pembeni, yakasubiri apite, yakarudi.

Nikaanza kutembea kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kujua.

"Kazi yako hasa ni nini?" nikaiuliza chupa, ili nisikie sauti yangu tu.

"Kupima. Mwanzo niliambiwa nipime suruali zinazobana. Nikiingizwa mguuni mwa suruali nisipite, mtu ana kosa. Baadaye nikaambiwa nipime zinazopwaya. Nikipita bila kugusa kitambaa, mtu ana kosa."

"Kipimo sahihi ni kipi?"

"Sikuambiwa. Chupa ilikuwa ileile."

Tukampita mzee mwembamba, peku, kanzu nyeupe kama maziwa. Kichwani alivaa kofia ya kutarizi. Juu ya kofia kulikuwa na kofia nyingine, na juu ya hiyo nyingine, zimepandana kama vikombe kwenye kabati la mama wa Kitanga, zikaenda juu hadi macho yangu yakachoka. Kule mwisho tai alikuwa anazunguka akitafuta pa kutua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Farijala. Usinikaribie sana. Ukinitikisa itabidi nianze upya."

Nikamuuliza kwa nini kofia zote hizo.

"Nilikuwa mtumwa," akasema, kama mtu anavyosema kwamba alikuwa Muheza. "Mtumwa hakufunika kichwa mbele ya bwana wake. Wala hakuvaa kiatu. Miaka thelathini na mmoja jua lilinipiga hapa." Akapeleka mkono aguse utosi, mkono haukufika. "Siku niliyokuwa huru sikutafuta chakula. Nilitafuta kofia. Watu wakasema, mtazameni Farijala anavyojishaua. Sikuwa najishaua. Nilikuwa nafunga mlango."

"Mlango gani, mzee?"

"Wa kichwa. Kila mtu alikuwa anaingia."

Nimepima viuno vya watoto maisha yangu yote, nikidhani nguo ni kitu cha kuzuia baridi na macho ya watu.

Nyuma ya Farijala alisimama mtu wa makamo aliyevaa sare nyeupe ya jeshi la majini, mabega ya dhahabu, upanga wa mbao kiunoni na kifua kizima cha nishani. Nishani zilikuwa zinapiga muziki wa matarumbeta zenyewe, polepole, kama watu wanaofanya mazoezi.

"Huyu ni Admeri," ikanong'ona chupa, ikasimama wima zaidi.

"Wa jeshi gani?"

Admeri akasikia. "Wa ngoma," akasema. "Chama chetu cha beni, ile ngoma ya tarumbeta na gwaride, kilikuwa na admeri, majenerali wawili na daktari. Jumatatu hadi Jumamosi nilifagia ofisi ya Mwingereza. Jumapili nilimpita barabarani nikiwa nimevaa sare nzuri kuliko yake."

"Alikasirika?"

"Jumapili ya kwanza alicheka. Ya pili alinitazama. Ya tatu mkono wake ulinipigia saluti bila kumwuliza mwenyewe. Akabaki anautazama mkono wake."

Nishani moja, iliyotengenezwa kwa kifuniko cha kopo la kiwi, ikasema, "Niliona kwa macho yangu." Wenzake wakaitikia kwa tarumbeta moja ndefu.

Nikajikuta nami nimempigia saluti. Kaptura ikanivuta nyuma, lakini sikujali.

Mahakama ilikuwa ndani ya kabati la nguo. Tulifungua mlango, tukatenganisha makoti kwa mikono, tukatokea kwenye ukumbi mkubwa kuliko kiwanja cha mpira. Karani alikuwa nondo, yule mdudu anayekula nguo. Alivaa miwani na alionekana ameshiba.

Jaji alikuwa joho. Joho jeusi, la zamani, limetariziwa uzi wa dhahabu kutoka ukosini hadi miguuni, limekaa kwenye kiti cha enzi, mikono imelala juu ya meza. Ndani hamkuwa na mtu. Nilichungulia shingoni nikaona giza na nyota chache.

"Mwenyewe yuko wapi?" nikaiuliza chupa.

"Hajawahi kuhitajika."

Joho likanisikia. "Nimevaliwa na watawala watano," likasema, na sauti yake ilikuwa ya hariri ikiburutwa sakafuni. "Wote walidhani watu wanawainamia wao. Kaa, shahidi."

Nikakaa. Foleni yote ilikuwa imeingia kimya na kujaza ukumbi. Farijala alilazimika kukaa nje, lakini kofia zake zilipinda kidogo na kuchungulia dirishani.

"Mrufani aingie."

Suruali ikaingia kwa magoti yake, maana ndipo ilipoishia. Zambarau imepauka. Nyuzi zinaning'inia. Hata hivyo iliingia kama mtu anayejua kwamba anatazamwa, na watu wote ukumbini wakasimama. Hata nondo akasimama, akameza mate.

"Sema," likasema joho.

"Nilishonwa barabara ya saba kwa mita mbili na nusu za kitambaa," ikasema suruali. "Sikuiba. Sikumpiga mtu. Nilikuwa pana. Mwenyewe alikuwa mtu ambaye siku sita alikuwa havai, anavaliwa. Mkonge ulikuwa unamvaa. Filimbi ya kiwanda ilikuwa inamvaa. Siku ya saba alinivaa mimi, akaonekana hadi kona ya mbali. Hilo ndilo kosa, Mheshimiwa. Alionekana."

"Unaomba fidia?"

"Naomba miguu."

Ukumbi ukaguna.

"Unaushtaki mkasi?"

"Hapana. Mkasi ulikata kitambaa, na kitambaa kinashonwa. Mwenyewe angeweza kunipeleka nishonwe kesho yake. Fundi alikuwepo, uzi ulikuwepo. Hakunipeleka. Nataka mahakama ijue kwa nini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kicheko."

Joho likageuza ukosi upande wa karani. "Lete vicheko."

Nondo akavuta kabati la droo. Nikaelezwa kwamba mahakama hii huhifadhi kila kicheko alichochekwa mwanaume kwa ajili ya nguo yake, kimepangwa kwa mji na mwaka. Tanga peke yake ilikuwa na kabati zima.

Anafungua droo ya kwanza. Kinatoka kicheko cha mwanaume mnene, kizito, kina kikohozi mwishoni.

Anafungua ya pili. Wanawake wawili wauza ndizi. Walicheka kwa sababu wenzao wanacheka, na kilikuwa kifupi, na kilikuwa na huruma pembeni.

Anafungua ya tatu, ya vijana wa mkasi. Hakuna kicheko ndani. Kuna pumzi tu, za watu wanaohema.

Droo ya nne ilikuwa ndogo kama sanduku la kiberiti. Nondo aliifungua kwa ukucha.

Kikatoka kicheko chembamba, chenye upepo, kicheko cha mtoto mwenye pengo la meno ya mbele. Kikaruka ukumbini kama ndege aliyeingia nyumbani kwa bahati mbaya, kikagonga kuta, kikarudi, kikagonga tena.

"Hiki hakina jina," akasema nondo. "Miaka yote hakuna aliyekuja kukidai."

Chupa ilitazama pembeni. Suruali haikunitazama. Ningeweza kunyamaza, nimenyamaza miaka hamsini na miwili, sikuhitaji mazoezi. Mke wangu hajui. Watoto wangu wanamjua babu yao kama mzee wa kaki, wanadhani alizaliwa hivyo.

Kicheko kilikuwa kimechoka kuruka. Kikatua begani kwangu.

"Ni changu, Mheshimiwa," nikasema.

Hakuna aliyeguna. Heri wangeguna.

"Ulicheka kwa nini?" likauliza joho, taratibu.

"Watu wote walikuwa wanacheka. Niliogopa. Nilidhani nisipocheka watanikata na mimi."

"Baba yako alikuwa amekushika mkono?"

"Ndiyo."

"Ulipocheka ulikuwa bado umemshika?"

Hili sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote, wala mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Nikatazama magoti yangu kwenye kaptura.

"Nilimwachia," nikasema. "Nilimwachia kwanza. Kisha nikacheka."

Nyota zilizokuwa shingoni mwa joho zikasogea kidogo, kama zinazosogea usiku unapokwenda.

"Mkono uliomwachia," likasema, "ndio utakaoshona."

Nondo akagonga meza. Hukumu ikawa imetoka.

"Lakini vipande havipo," nikasema. "Vilibaki barabarani."

Chupa ikakohoa. Ikapiga hatua moja mbele.

"Viko kwangu," ikasema. "Siku ile vijana wa mkasi walinibeba kupimia. Watu walipoondoka vilikuwa vimelala chini. Nikaviweka ndani. Mimi ni chupa, Mheshimiwa. Yeyote aliye mtupu anatamani kuwa na kitu."

Ikajiinamisha. Ikatokwa na kitambaa cha zambarau, kwanza kidogo, kisha kingi, kisha bila mwisho, rangi mbichi kama siku kilipotoka dukani. Hakikupauka hata kidogo. Kilijaa mikononi mwangu, kikawa na uvuguvugu wa mwili wa mtu.

Nainua uso, ukumbi haupo. Nimekaa kwenye cherehani yangu katikati ya shamba la mkonge. Mistari ya mkonge inakwenda pande zote hadi upeo wa macho, na kila mmea umesimama wima na miiba yake kama askari wa gwaride. Jua liko juu kabisa. Hakuna kivuli popote.

Baba anakuja kwa miguu katikati ya mistari. Amejifunga kikoi kiunoni, kifua wazi, nyuzi nyeupe kwenye nywele. Ana miaka thelathini na mmoja. Mimi nina hamsini na tisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umezeeka."

"Ndiyo, baba."

"Kitambi hicho umekitoa wapi?"

"Kazi ya kukaa."

Akatikisa kichwa, akaketi juu ya mzigo wa mkonge uliofungwa, akanitazama nikitunga uzi. Mkono wangu wa kulia, ule uliomwachia, ulikuwa unalikosa tundu la sindano. Nilitunga mara tano. Hakunisaidia na hakuniharakisha.

"Upana gani, baba?"

"Wewe kawaida unaweka ngapi?"

"Inchi kumi na sita. Walimu wakuu hawataki zaidi."

"Mimi si mwalimu mkuu," akasema. "Weka upana ambao mtu akiniona kwa mbali atajiuliza ni nani yule."

Nikaanza kushona. Nimeshona sare maelfu kwa maelfu na sijawahi kusikia cherehani ikilia namna ile. Haikulia tak-tak-tak. Ilivuta pumzi. Nilitia mguu wa kulia, kitambaa kikaongezeka. Nilitia wa kushoto, kikaongezeka zaidi. Kikaanza kumwagika mezani, kikatandaza zambarau juu ya mistari ya mkonge, na mkonge haukukitoboa; ulikunja miiba yake. Kikafika relini. Treni ya mizigo ikasimama, dereva akashuka akavua kofia. Kikafika bandarini, kikapanda milima. Nilishona mita, nilishona maili, nilishona bila kukata uzi hata mara moja, na sikuchoka.

Foleni yote ilikuja kukaa kivulini mwa kile kitambaa. Farijala akaweza kulala chali kwa mara ya kwanza, kofia zake zimelala kando yake kama mto wa maji wenye mikunjo. Admeri alizima nishani ili watu waisikilize cherehani. Mtu wa Kongo alipapasa pindo kwa vidole viwili, akafumba macho, akasema, "Fundi." Neno hilo moja. Katika maisha yangu sijawahi kusifiwa hivyo.

"Baba," nikasema, macho kwenye sindano. "Siku ile nilicheka."

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Ulikuwa na pengo. Kicheko chako kilikuwa kinapiga mluzi. Ningekitambua hata kwenye uwanja wa mpira."

Nilipofika mwisho wa mshono nikauliza, "Ndiyo sababu ukavaa kaki?"

Baba akachomoa uzi mmoja wa mkonge kwenye nywele zake, akauzungusha kidoleni.

"Nilikasirika," akasema. "Usidhani sikukasirika. Usiku ule nilikutazama umelala nikataka kukuamsha nikuchape. Kisha nikaona mkono wako umefumba, unashika shuka kama mtu anayeogopa kuanguka. Nikasema, huyu mtoto hakunicheka. Huyu aliogopa. Basi nitavaa kitu ambacho mtoto hataogopa kutembea nacho."

"Ungeniambia."

"Ungenijibu nini? Ulikuwa na miaka saba."

"Baadaye, baba. Nilipokua."

"Ulipokua ukafungua duka la kaki," akasema. "Nikadhani unazipenda."

Sindano ikasimama. Nikacheka. Sikukusudia. Kikatoka kicheko kikubwa cha mtu mzima mwenye meno yote isipokuwa mawili ya nyuma, na baba naye akacheka, akapiga paja, na shamba zima la mkonge likatikisika kama mvua inakuja.

Kisha akasimama na kuivaa.

Siwezi kueleza vizuri. Nitasema nilichokiona tu. Suruali iliyofika milimani ilijikusanya yenyewe, ikapanda miguuni mwake, ikabana mapajani, ikafunguka chini, na ikawa saizi yake kamili bila kupungua hata inchi. Maili zote zilikuwa mle ndani. Alipopiga hatua moja, upepo wa pindo ulilaza majani hadi upeo wa macho. Alipopiga ya pili, watu wote wa foleni, watumwa, maadmeri, wenye visigino vyekundu, waliinuka wakiwa kimya. Kwa mbali nikaliona lile joho, tupu, limesimama kwenye ukingo wa shamba. Likainama. Miaka yote ile liliinamiwa, na sasa liliinama lenyewe hadi dhahabu ikagusa udongo.

Baba hakuinama. Alitembea hadi mwisho wa mstari, akageuka, akarudi, kama anavyofanya mtu ambaye haendi popote, anapita tu.

"Bado pindo," akasema. "La kushoto linaburuta."

Nikapiga magoti mbele yake. Nikapapasa mfukoni, sina kitu. Baba akatoa kipande cha chaki nyuma ya sikio lake. Kilikuwa cha rangi ya waridi. Mimi dukani natumia nyeupe peke yake.

"Usitie alama kwenye kitambaa," akasema. "Kitambaa kinafuliwa, kinasahau. Tia mguuni."

Nikashika kisigino chake. Ngozi ilikuwa ngumu, ina vumbi, ina joto. Nikapiga mstari mmoja juu ya kifundo, taratibu.

"Hapo?"

"Hapohapo," akasema baba. "Na wewe, Twaha, usikate."

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo. Jirani alikuwa anapepea jiko. Redio ya mtu ilikuwa inasoma hali ya hewa: Tanga mawingu, mvua nyepesi mchana. Nilikaa kitandani nikitazama mkono wangu wa kulia, mke wangu akaniuliza naumwa wapi, nikasema siumwi.

Nikachemsha maji, nikachukua beseni na taulo, nikaenda chumba cha uani kumwosha baba miguu, kama ninavyofanya kila asubuhi kabla ya chai.

Alikuwa macho, ameegemea mto, anatazama dirishani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama, baba. Wewe?"

"Nimelala vizuri," akasema. "Miguu tu imechoka. Kama mtu aliyetembea."

Nikapiga magoti. Nikapandisha mguu wa suruali yake ya kaki, wa kushoto, hadi juu ya kifundo.

Pale kwenye ngozi, kati ya mishipa na makunyanzi, kulikuwa na mstari mfupi wa waridi, umenyooka kama unavyopigwa na fundi.

Nililowesha taulo. Nikalikamua. Sikujua nifanye nini kingine, nikalisogeza mguuni.

"Usifute," akasema baba, macho bado dirishani. "Utakosea urefu."